Kiwanda kikizidiwa na bidhaa za nje, mfanyakazi adai nini?

Wakazi wa Nakuru wanaukumbuka mwaka 2014, kampuni ya Eveready ilipofunga kiwanda chake cha betri na kubaki kuuza betri zilizoagizwa kutoka nje. Kisumu nayo ilikuwa imeshapoteza kiwanda cha nguo cha KICOMI katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa. Wafanyakazi wanaokuja kwetu kutaka ushauri huuliza jambo moja: serikali ina msaada gani kwa mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya mzigo ulioshuka bandarini?

Kenya haina mpango maalumu wa msaada huo, wala haina bima inayomlipa asiye na kazi. Ipo KETRA, wakala wa serikali wa kulinda biashara dhidi ya ushindani usio wa haki wa bidhaa za nje, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ili kuchunguza bidhaa zinazoingizwa kwa bei ya kuua soko au zinazofurika ghafla. Ila dawa yake ni ushuru wa ziada, na ushuru humlinda kwanza mwenye kiwanda. Wenzetu wa Marekani walianzisha mwaka 1962, wakaupanua 1974, mpango wa kumtazama mfanyakazi mwenyewe. Watu watatu wa kiwanda kimoja waliweza kupeleka ombi Wizara ya Kazi, na ikithibitika kwamba bidhaa za nje zilichangia, walilipiwa mafunzo, wakapewa posho wakiwa darasani na gharama za kuhamia penye kazi. Maombi mapya yalisimamishwa Julai 2022, muda wa sheria ulipoisha. Hata hivyo naamini Kenya inahitaji kitu cha namna hiyo.

Kwa sasa, ngao yako ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri anayepunguza watu sharti aandikie chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi wa eneo mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na ni wangapi watakaoathirika. Asiye mwanachama wa chama apewe barua yake binafsi. Wa kuondoka hawachaguliwi kwa kinyongo: hutazamwa muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kisha kuna malipo. Ni mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, pamoja na notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, na pesa za likizo ambayo hukuichukua. Aliyekuwa akipata shilingi 900 kwa siku na kufanya kazi miaka 12 anadai 13,500 mara 12, yaani shilingi 162,000, kabla ya notisi na likizo. Mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, ule ambao wengi huuita CBA, unaweza kuwa umeweka kiwango cha juu zaidi. Usome.

Wanaoumia zaidi ni vibarua. Wengi hurudi nyumbani mikono mitupu wakiamini kwamba kibarua hana haki, na hilo si kweli. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinasema aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haingeweza kuisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Shida huwa ni ushahidi. Kadi ya getini, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya wiki, jina lako kwenye daftari la zamu, vyote hivyo vina uzito. Tunza hata kikaratasi kilichokunjwa.

Kingine ni ujuzi ulio mikononi mwako. Fundi aliyeshona au kuendesha mashine miaka 20 bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo Kisumu, akatoka na karatasi ambayo mwajiri mwingine ataitambua. Waajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Kwa maoni yangu, sehemu ya pesa hizo ingetengewa watu ambao viwanda vyao vimefungwa, maana zilitozwa kwa majina yao.

Usiweke sahihi kwenye karatasi inayosema huna madai yoyote kabla ya kuona hesabu yako imeandikwa mstari kwa mstari. Dai pia cheti cha utumishi. Ukiona umeachishwa kinyume cha haki, lalamiko kwa afisa wa kazi lipelekwe ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya kazi ina kikomo cha miaka mitatu. Siku ya kwenda, beba kitambulisho, barua ya kuajiriwa kama unayo, stakabadhi za mshahara, taarifa ya NSSF na jina la mwenzako mmoja aliyekuwa kwenye zamu yako.