Bima ya afya kwenye mshahara wa Marekani: kato unalojichagulia

Naandaa mishahara, kwa hiyo Waswahili wenzangu wanaofanya kazi Marekani, kwenye maghala, viwanda vya nyama na nyumba za kutunzia wazee, hunitumia picha za hati zao za mshahara na swali moja: "Kaka, mbona wamenila hivi?"

Tuchukue mtu wa dola 20 kwa saa, saa 80 kwa wiki mbili. Mshahara ghafi ni dola 1,600. Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa serikali, inachukua asilimia 6.2, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, asilimia 1.45, na mwajiri anatoa kiasi kama hicho upande wake. Hapo hakuna mjadala. Kodi ya serikali kuu inafuata ulivyojaza fomu W-4, ile unayompa mwajiri unapoanza kazi. Ya jimbo inategemea unakofanya kazi na unakoishi: Texas na Florida hazikati, Minnesota inakata.

Mstari wa bima ya afya ni habari nyingine. Huo uliuchagua mwenyewe, pengine siku ya kwanza kazini, ukitia saini huku ukiulizia sare.

Tuseme unakatwa dola 260 kwa bima ya familia. Kwa kawaida pesa hizo hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo zile asilimia hupigwa kwenye 1,340, si kwenye 1,600. Kwa Social Security na Medicare peke yake umeokoa karibu dola 20 kila malipo. Hata akiba ya uzeeni ya 401(k) haina nafuu hiyo. Inaweza kukupunguzia kodi ya mapato, lakini Social Security na Medicare zinakatwa kama kawaida.

Sasa fungua W-2 yako, ile taarifa ya mwaka ya mshahara na kodi unayopewa na mwajiri, kisanduku cha 12, herufi DD. Waajiri wakubwa huandika hapo gharama nzima ya bima: yako na yao. Kuna watu huiona wakadhani wameongezewa kodi. Hapana, ni taarifa tu. Lakini ni taarifa nzito. Utafiti wa mwaka 2025 wa KFF, taasisi ya Marekani inayochunguza sera za afya, ulikuta bima ya familia kupitia mwajiri inagharimu wastani wa dola 26,993 kwa mwaka, na mfanyakazi anachangia 6,850. Zinazobaki, zaidi ya 20,000, analipa mwajiri, na wachumi wengi wanasema kwa kiasi kikubwa zinatoka kwenye nyongeza ya mshahara ambayo hukuipata. Mtindo wa mwajiri kulipia bima ulishika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili: mwaka 1942 serikali ilidhibiti mishahara, na waajiri wakawavutia watu kwa bima.

Kosa ninaloliona sana ni kuchagua mpango kwa kutazama kato peke yake. Mipango mingi ina kizingiti, yaani kiasi unachotoa mfukoni kabla kampuni ya bima haijaanza kulipia matibabu mengi. Mpango wa kwanza unakata 260, kizingiti 1,500. Wa pili unakata 150, kizingiti 6,000. Kwa malipo 26 ya mwaka, wa pili unakuachia dola 2,860 kabla ya kodi. Mtoto akivunjika mguu, bili ikafika 6,000, umebeba hadi 4,500 zaidi ya mwenzako wa mpango wa kwanza, ukitoa asilimia ya bili ambayo yeye huendelea kuchangia baada ya kizingiti chake.

Mimi siuchukii mpango wa pili. Kwa familia yenye afya una maana, ila zile 2,860 ziwekwe, na kama mpango unakubali akaunti ya HSA, yaani akaunti ya akiba ya matibabu, ziingie huko moja kwa moja kutoka kwenye mshahara, bila kodi. Wengi huzituma nyumbani kabla hazijapoa, halafu bili ya hospitali inawakuta mikono mitupu. Na msiogope kupima afya: chanjo na uchunguzi wa kinga, kwa daktari aliye ndani ya mtandao wa bima yako, yaani mwenye mkataba nayo, mipango karibu yote hulipia bila kungoja kizingiti.

Ukishachagua, kwa kawaida hubadilishi hadi dirisha la kuchagua bima ya mwaka unaofuata, ambalo kwa waajiri wengi hufunguka majira ya vuli. Ndoa, kuzaliwa kwa mtoto au kupoteza bima nyingine hukupa angalau siku 30 za kubadilisha. Mtoto ukimwandikisha ndani ya siku hizo, bima yake inahesabiwa tangu alipozaliwa. Hospitali haikufanyii kazi hiyo. Piga simu ofisi ya rasilimali watu mwenyewe, na uombe uthibitisho wa maandishi.