Lizard: Usiishie kwenye mnara

Wageni wengi wanaofika Rasi ya Lizard, ncha ya kusini kabisa ya Uingereza bara, hupiga picha mnara wa taa, wakanywa chai, wakageuza gari. Mimi nafundisha unahodha, na wanafunzi wangu nawaambia watembee kwanza kwenda mashariki, juu ya majabali.

Mnara wenyewe una mambo yake. Ulipowashwa mwaka 1752 ilikuwa minara miwili, kila mmoja na moto wa makaa. Taa za enzi hizo hazikumweka, yaani hazikuwaka na kuzima kwa zamu, kwa hiyo nahodha alihesabu mioto: visiwa vya Scilly mmoja, Lizard miwili, Casquets kule karibu na Guernsey mitatu. Katikati palikuwa na kijumba chenye kochi. Msimamizi alijilaza humo akitazama huku na huku. Moto ukififia, anapuliza pembe ya ng'ombe kuwashtua wavukutaji, watu wa kuchochea moto kwa mivukuto. (Kazi hiyo ningeiomba!) Umeme ulianza 1878. Mwaka 1903 taa ya magharibi ikazimwa, ikabaki ya mashariki, inayozunguka na kumweka kila baada ya sekunde 3.

Lakini taa humwambia nahodha alipo tu. Aende wapi, aliambiwa Bass Point, mashariki ya mnara, kwenye nyumba nyeupe iliyojengwa 1872 na kampuni ya ukoo wa Fox wa Falmouth. Meli ya tanga ilikaa baharini miezi mingi bila habari yoyote, na huku nyuma shehena yake imekwisha uzwa, pengine zaidi ya mara moja. Ikifika hapa ilipandisha bendera za ishara, mtu wa darubini akazisoma, na habari zikapelekwa kwa telegrafu hadi kwa mwenye mali. Mwanzoni, kabla waya haujafika, mpanda farasi alizikimbiza hadi Helston. Jibu likirudi, nahodha anajua bandari ya kupakulia.

Ukungu ukitanda, bendera ni kitambaa tu. Ndiyo maana kibanda cha mbao cha Marconi, Mwitaliano mwanzilishi wa redio, hatua chache kutoka hapo, kinanivutia kuliko mnara. Januari 1901 alinasa humo mawimbi ya redio kutoka Kisiwa cha Wight, karibu kilomita 300, wakati wataalamu wengi walishikilia kwamba mawimbi hayavuki upeo wa macho. Desemba ya mwaka huohuo akajaribu kuyavusha Atlantiki.

Kibanda hufunguliwa na watu wa kujitolea, si kila siku, basi ulizia kwanza. Na vaa viatu vyenye meno: jiwe la huko ni serpentini, likilowa linateleza vibaya.