Mdomo Ukianza Kuwasha, Usingoje Lengelenge

Juzi mama mmoja muuza viazi karai alisimama dirishani kwangu hapa Kongowea, leso imemziba mdomo. "Daktari, nipe ile tubu ya aciclovir, ya malengelenge ya mdomo." (Mimi ni mfamasia, lakini Mombasa kila anayekaa na dawa huitwa daktari.) Aliposhusha leso nikaona gaga limeshakauka. Siku ya tano hiyo. Nikamwambia, "Mama, weka pesa zako." Akadhani namfanyia mzaha.

Malengelenge haya huletwa na kirusi cha herpes, HSV-1, na kikishaingia mwilini hakitoki. Hulala kwenye neva ya hisia za uso, siku moja kikaamka na kushuka hadi mdomoni. Aciclovir haikiui, hukizuia kisizaliane tu, na kuzaliana kwingi huwa kumekwisha ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Gaga likishafunga, ngozi inajiponya yenyewe na dawa haina tena wa kupigana naye.

Saa yake ni pale mdomo unapowasha, unachoma, unakaza, na kwenye kioo huoni kitu. Krimu ya asilimia 5 hupakwa mara tano kwa siku, kwa siku nne, nawe unawe mikono kabla na baada. Wengi hupaka asubuhi na usiku, kisha wanakuja kuniambia dawa ni feki.

Hata ukiipaka sawasawa, krimu hufupisha kidonda kwa muda mdogo tu. Anayesumbuliwa mara kwa mara namshauri vidonge vya valaciclovir. Kwa mtu mzima ni gramu 2, kisha gramu 2 nyingine baada ya saa 12, basi. Inahitaji cheti cha daktari, na mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito lazima aseme mapema. Cheti kiombe ukiwa mzima, dawa ikae nyumbani, maana mdomo hupenda kuanza kuwasha Jumamosi usiku.

Krimu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) usizipake hapo, zinakipa kirusi nafasi. Antibiotiki nazo hazikigusi.

Wapo wanaosema kidonda ni homa inayotoka, kwa hiyo malaria imekwisha. Homa ndiyo iliyokiamsha kirusi; malaria kapime. Jua nalo hukiamsha, hasa la kaskazi ukiwa umesimama Likoni ukingoja feri. Mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua ya SPF 30 husaidia.

Jicho likiuma au likiwa jekundu, au kidonda kikipita wiki mbili, nenda hospitali. Na mtoto mchanga usimbusu hata kidogo, kwake kirusi hiki kinaweza kuua.

Yule mama alinunua vaselini ya kulainisha gaga. Akiondoka akageuka: "Yaani dawa ninunue nikiwa sina kitu mdomoni?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka, gaga likapasuka.