Nakuru na Kisumu kwa siku nne: tunayoambiwa na tunayokuta

Mimi ni mtoto wa Nakuru niliyeoa Kisumu, kwa hiyo likizo ikikaribia nageuka ofisi ya utalii isiyolipwa. Binamu wa Nairobi, shemeji wa Mombasa, rafiki wa rafiki, wote wanataka nipange siku nne: mbili huku, mbili kule, waone wanyama, wale samaki, warudi kazini. Na karibu wote huja na mambo yale yale kichwani, waliyoyaokota kwenye picha za kalenda au kwa mtu aliyepita hapa mara moja usiku akiwa amelala ndani ya basi.

“Miji ni jirani: asubuhi Nakuru, mchana Kisumu, jioni tuko nyumbani”

Ni jirani kwenye ramani. Barabarani, ukipitia Mau Summit, Kericho, Awasi na Ahero, ni kilomita 180 na ushee. Kwa gari dogo hesabu saa tatu na nusu hadi nne, iwapo hakuna lori lililolala kando ya barabara. Kwa matatu ongeza muda wa kukaa steji ukingoja kiti cha mwisho kipate mtu.

Lakini kosa lenyewe haliko kwenye kilomita, liko kwenye saa. Safari hii hupangwa kwa saa za siku. Kutoka Nakuru unapanda Salgaa na Sachangwan, sehemu ambazo kila dereva wa Kenya anazijua kwa ajali zake, huku malori ya kwenda Malaba na Busia yakikokota mbele yako. Ukishazimaliza unaingia Kericho, na Kericho mvua ina desturi ya kuja alasiri, mara nyingine ya mawe.

Mwaka mmoja nilijifanya mjuaji. Tukatoka Nakuru saa 9 alasiri na wageni wanne na watoto wawili. Saa 11 tuko katikati ya mashamba ya chai, mawe yanagonga bodi ya gari kama mtu anamwaga mahindi kwenye bati, na haya majani mabichi yaliyotufanya tutoke nyumbani hatuyaoni. Tuliingia Kisumu saa 3 usiku. Hoteli ilikuwa imewapa watu wengine chumba chetu, na amana tulikuwa tumeshatuma. Mkahawa wa pili tuliougonga ulikuwa umebaki na mikia ya samaki na ugali uliopoa.

Siku hizi mgeni wangu anatoka Nakuru saa 1 asubuhi. Saa 4 anakunywa chai Kericho, jua likiwa limepiga kwenye vilima. Kabla ya saa 6 yuko Awasi, joto la bonde la Nyando limeshamvua sweta. Ahero anakuta mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na nyangenyange wamesimama majini. Chakula cha mchana anakula Kisumu, samaki wakiwa bado wapo.

“Ziwa Nakuru ni la waridi kwa flamingo”

Lilikuwa. Picha hiyo ndiyo inayoleta watu, na ndiyo inayowakasirisha langoni. Flamingo, au heroe kwa Kiswahili cha vitabuni, hula aina ya mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Tangu karibu mwaka 2010 ziwa limekuwa likipanda: kutoka takriban kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60, likazamisha miti ya mgunga, barabara za ndani na lango kuu la zamani. Maji yalipozidi, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na ndege wakafuata chakula, wengi wao Ziwa Bogoria. Hawakufa wote wala hawakuhamia nchi za mbali kwa hasira. Huja na kwenda. Kuna miezi utawakuta maelfu na miezi utakuta kikundi kidogo kwa mbali. Na hata enzi zile za waridi hawakuwa wakitagia Nakuru. Kiota chao kikuu Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, Tanzania.

Mtu anayetaka flamingo kwa hakika nampeleka Bogoria, na hiyo ni siku yake peke yake.

“Basi kama hakuna flamingo, mbuga haina maana”

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mbuga ya Nakuru ilianza kama hifadhi ya ndege, ikawa mbuga kamili 1968, na tangu miaka ya 1980 ni makao ya vifaru waliolindwa kwa uzio. Wapo weusi na weupe. Ukiacha Nairobi, sijui mahali pengine karibu na mji mkubwa ambapo unaweza kunywa chai ya rangi nyumbani alfajiri na kabla ya saa 2 uwe umemtazama kifaru akila nyasi kana kwamba wewe hupo. Kuna twiga wa Rothschild, simba, nyati, maporomoko ya Makalia kule kusini.

Tembo hakuna. Nalisema kwa sauti kwa sababu kuna madereva wanaoahidi “wanyama watano wakubwa” ili wapate kazi. Nakuru utapata wanne ukibahatika, na chui ndiye bahati yenyewe.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Ingia saa hiyo hiyo. Wageni wanaoingia saa 5 baada ya kifungua kinywa cha hoteli ndio hao wanaoniambia wameona swala na nyani. Ada hulipwa kwa eCitizen, si kwa noti mkononi, kwa hiyo malizana na simu usiku uliotangulia badala ya kuhangaika na mtandao langoni nyuma ya foleni. Kama hamna gari, unganeni mkodi moja kwa nusu siku, kwa maana ndani hairuhusiwi kutembea kwa miguu.

“Menengai ni shimo, unachungulia unaondoka”

Ukisimama ukingoni mwa Menengai, hapa Nakuru, hutaona shimo la duara kama bakuli. Utaona bonde la kilomita 12 kwa 8 hivi, kichaka juu ya mawe meusi ya lava, na mvuke mweupe unaotoka kwenye visima vya nishati ya ardhini. Ni mlima wa volkano ulioporomoka ndani yake. Wakikuyu wa hapa walipaita mlima wa mashetani, na wazee bado wana visa vya Wamasai walioangamia humo vitani. Nenda asubuhi au saa 10 jioni, usiende peke yako. Nusu siku inatosha, na ukibakiza muda pitia Hyrax Hill, mahali pa kale palipochimbwa na Mary Leakey mwaka 1937.

“Kote ni Bonde la Ufa na ziwa, nguo ni zile zile”

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130 hivi. Usiku wa Nakuru ni wa blanketi mbili. Usiku wa Kisumu ni wa neti, na neti hiyo si ya mapambo: kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima. Mkenya wa Nairobi au wa nyanda za juu asijidanganye kwamba damu yake imezoea. Mwone daktari au mfamasia kabla ya kusafiri, hasa kama kuna mtoto mdogo au mja mzito.

“Samaki wa Kisumu wote wametoka ziwani leo asubuhi”

Natamani ingekuwa hivyo. Jijini kuna samaki wa ziwani, kuna wa vizimba vinavyoelea ziwani, na kuna wa barafu waliotoka China. Wote hukaangwa kwenye mafuta yale yale na wote huitwa ngege, yaani sato au tilapia.

Hilo jina nalo lina kisa. Ngege asilia wa Ziwa Victoria karibu atoweke kwenye ziwa kubwa. Amebaki zaidi kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, Siaya. Anayeletwa mezani kwako siku hizi ni sato wa Nile aliyepandikizwa katika karne iliyopita, ambaye wavuvi humwita nyamami. Mbuta, yaani sangara, naye ni mgeni, aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wenyeji wengi. Minofu yake hupelekwa ng'ambo, na mifupa iliyobaki kiwandani, yenye nyama kidogo mgongoni na kichwa, hukaangwa na kuuzwa mitaani kwa jina la mgongo wazi. Mgeni haambiwi habari za mgongo wazi. Mimi nampeleka, kwa kuwa nusu ya Kisumu imelelewa na hiyo mifupa.

Shemeji yangu wa Mombasa alipokuja, nilimtembeza ufuko wa Dunga mitumbwi ikiwa inaingia. Mama mmoja akamwinua samaki kwa mkia, akafunua shavu kwa kidole gumba: jekundu kama pilipili. Akabonyeza ubavu, nyama ikarudi mahali pake.

“Ona mwenyewe, kastoma wangu. Jicho linakutazama.”

Shemeji akauliza kama atapikiwa na nazi.

“Nazi iko kwenu. Hapa ni nyanya na kitunguu.”

Wa kukaangwa kavu huja haraka. Wa mchuzi hukaangwa kwanza kisha huchemshwa na nyanya, na utangoja dakika 40 au zaidi. Mgeni mwenye njaa anaudhika, anaagiza chipsi, na samaki akija ameshiba. Nyinyi agizeni kwanza, kisha mkatembee ufukweni. Bei hufuata ukubwa, kwa hiyo mchague wenyewe na muulize kabla hajaingia jikoni.

Kama mtu atawaelekeza kwenye vile vibanda vya zamani vya Lwang'ni, ushauri wake umepitwa na wakati. Vilibomolewa bandari ilipokuwa inafufuliwa, wapishi wakatawanyika mjini.

“Kisumu ni samaki tu, na Nakuru haina chakula chake”

Kisumu agiza aliya, nyama iliyokaushwa juani kisha ikapikwa mchuzi. Agiza osuga au dek, yaani managu na saga, mboga za kienyeji zilizolazwa na maziwa hadi uchungu ukalainika, pamoja na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, ule wa rangi ya udongo. Usiombe uma, utachekwa kidogo. Jumapili pita soko la Kibuye, ujaribu omena, yaani dagaa, wa kukaanga kabla hujamkataa.

Nakuru chakula chake ni cha shambani na cha jioni. Viazi vya Molo, mukimo wa viazi vilivyopondwa, na mutura, soseji ya utumbo na damu, inayokatwa kwenye ubao wa kando ya barabara kuanzia saa 12 jioni, kachumbari juu. Chagua jiko lenye foleni. Mutura isiyo na wateja imelala. Na Kericho, katikati ya njia, omba mursik, maziwa ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet. Watoto wa mjini huyakunjia uso. Mimi hunywa kikombe chao.

“Ziwa Victoria ni la kuogelea”

Kichocho, viboko, mamba. Kaa kwenye boti, vaa jaketi okozi hata nahodha akikucheka. Asubuhi maji ni matulivu. Upepo wa mchana huinua mawimbi, na magugu maji husukumwa huku na huko, hivyo ufukwe uliokuwa wazi jana unaweza kuwa bustani leo. Viboko hawana ratiba. Machweo yanayo, na Dunga ndipo pa kuyatazamia.

“Kit Mikayi ni mawe tu, tutapitia tukienda kupiga picha Maseno kwenye ikweta”

Barabara zinaachana Kisian: ya Bondo inakupeleka Kit Mikayi, kilomita 29 hivi kutoka mjini, na ya Busia inakupeleka Maseno. Hazipitiani. Na jina hilo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kusali na kufunga chini ya mawe yale. Ukikuta wanasali, shusha simu na sauti.

“Tutapanda SGR hadi Kisumu”

SGR, reli mpya ya kisasa, iliyofunguliwa 2019 iliishia Suswa. Treni ya abiria iliyorejea Kisumu Desemba 2021 hutumia reli ya zamani, ile iliyofika ziwani 1901, na husafiri usiku. Ni safari ya kupendeza kwa anayependa treni. Kwa anayetaka kuona chai na mabonde, ataona giza. Ulizia ratiba kwanza.

“Desemba ndiyo wakati wake”

Kuanzia tarehe 20 hivi nusu ya Nairobi inaenda magharibi. Nauli hupaa, vyumba huisha, na foleni huanzia Naivasha. Februari au Septemba, katikati ya wiki, utapata mji, meza na dereva asiye na haraka.

Na ukitaka kubeba samaki kwenda nao, fanya Kisumu iwe mwisho wa safari, si mwanzo. Usibebe mbichi kwenye matatu. Makanga atakushusha Ahero. Mwombe mama akukaangie kavu hadi akakamae, aachwe apoe kabisa, afungwe kwa gazeti. Mfuko wa plastiki humfanya atoke jasho, na ukifika Nakuru mtaa mzima utajua ulikotoka.