Flip Wilson na hilo la "wa kwanza"

Kila likitajwa jina la mchekeshaji Mmarekani Flip Wilson, hakosi mtu wa kudakia: "Yule Mweusi wa kwanza kuwa na kipindi chake kwenye runinga ya Marekani!" Mwingine ataongeza kwamba kilikuwa kipindi "kama kile cha Cosby", yaani tamthilia ya vichekesho ya Bill Cosby kuhusu familia. Wote wamekosea, ila huyo wa kwanza ndiye anayeniudhi.

Tumalizane na wa pili. Cha Wilson kilikuwa kipindi mseto, na kipindi mseto si tamthilia ya vichekesho. Tamthilia ina familia, sebule na wahusika walewale wiki hadi wiki. Kwenye kipindi mseto mwenyeji anatoka kwa jina lake mwenyewe, anachekesha, anakaribisha mwanamuziki, anaigiza vichekesho vifupi na wageni, muziki tena, kwaherini. Imetosha.

Sasa hilo la "wa kwanza". Mwimbaji Mweusi Nat King Cole alipewa kipindi na kituo cha NBC mwaka 1956, yaani miaka 14 kabla ya Wilson, tena kituo kilekile. Runinga ya Marekani inaishi kwa matangazo, na hakupatikana mdhamini hata mmoja wa kitaifa. Kampuni ziliogopa kususiwa na wateja Wazungu, hasa wa majimbo ya Kusini, zikionekana zimemshika mkono Mweusi. Wanamuziki wenzake, akina Ella Fitzgerald na Harry Belafonte, walikuja kuimba kwa malipo kiduchu ili kumbeba. Wapi! Desemba 1957 Cole akafunga mwenyewe. Waimbaji wengine Weusi wakajaribu: Sammy Davis Jr. mwaka 1966, Leslie Uggams mwaka 1969. Vyote viwili vikafutwa ndani ya miezi michache.

Kupewa kipindi, basi, ni jambo moja. Kipindi kushika ni jingine kabisa. Wilson, mtoto wa Jersey City aliyezaliwa Clerow, alianza Septemba 17, 1970, ikawa kila Alhamisi usiku. Misimu miwili ya mwanzo kilikuwa cha pili kwa kutazamwa Marekani nzima. Januari 1972 jarida la Time likamweka kwenye jalada. Wadhamini, wale wale waliomkimbia Cole, sasa walikuwa na sababu ya kupiga hodi.

Na alifika huko kwa kupunguza madoido. Vipindi vya aina hiyo vilizoea kujaza wacheza dansi na mapambo. Yeye alisimama kwenye jukwaa la duara, watazamaji wamemzunguka, vifaa vya kuhesabika. Hapo ndipo alipotoka Geraldine: Wilson mwenyewe ndani ya wigi na gauni fupi la rangi kali, mwanamke asiyemnyenyekea mtu, mwenye mchumba aitwaye Killer ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Geraldine akifanya kosa, anamsingizia shetani. Wapo Weusi waliomlaumu kwa Geraldine, wakisema anawadhalilisha. Siwapuuzi, ila nikimtazama naona mgeni aliyesimama naye, hata awe nyota wa namna gani, ndiye anayebaki ameduwaa.

Hata mwisho wake una la kusema. Kituo pinzani, CBS, kilileta tamthilia ya familia The Waltons saa ileile, watazamaji wakahamia huko, na mwaka 1974 Wilson akaaga. Alishindwa kama anavyoshindwa mwenye kipindi yeyote. Cole hakupata nafasi hata ya kushindwa hivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimtaja tena, sema "Mweusi wa kwanza ambaye kipindi chake mseto kilishika". Ni maneno machache tu ya kuongeza, na yanamwachia Hazel Scott haki yake: mpiga piano huyo Mweusi alikuwa na kipindi kwenye kituo cha DuMont mwaka 1950. Kilifutwa Septemba hiyohiyo, siku chache baada ya yeye kwenda mbele ya kamati ya Bunge kujibu tuhuma za ukomunisti.