Maji magumu ya Dodoma: iache figo, tazama hita

Tangu watumishi wa Serikali waanze kuhamia Dodoma kwa wingi baada ya 2016, swali ninaloulizwa zaidi pale maabara si la klorini wala la kipindupindu. Ni hili: "Mtaalamu, haya maji ya chumvi hayatatumaliza figo?" Anayeuliza mara nyingi ametoka Dar es Salaam, amezoea maji ya Mto Ruvu, sabuni ikigusa tu beseni linajaa povu. Huku anafikicha mpaka vidole vinachubuka, na povu bado linasuasua.

Figo kwanza, ili hofu ituondoke. Ugumu wa maji ni kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka ndani yake, madini yaleyale tunayoyatafuta kwenye maziwa na mboga za majani. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Aliyewahi kuugua mawe ya figo amsikilize daktari wake. Kwa wengi wetu, kwenye jua hili, ninachokiogopa zaidi ni mtu kunywa maji kidogo eti kwa kukwepa chumvi. Meno ya kahawia nayo hayaingii hapa. Yale ni ya floraidi, na maji yenye floraidi nyingi kandokando ya Mlima Meru mara nyingi ni laini kabisa.

Ugumu wetu unatoka chini. Sehemu kubwa ya maji ya jiji huvutwa kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na jua huchukua fungu lake kubwa kabla maji hayajazama. Kumbukumbu za vina vya maji Makutupora, zilizoanza miaka ya 1950, zinaonyesha kuwa bonde hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kati ya msimu mmoja na mwingine maji yanakaa ardhini muda mrefu, yakiyeyusha madini ya mwamba na udongo taratibu. Maji ya mto hayapati nafasi hiyo.

Maabara tunapima kwa kudondoshea sampuli kemikali iitwayo EDTA. Maji yaliyotiwa kiashiria, yaani dawa ya kubadili rangi, huwa na rangi ya divai nyekundu (iwe ya hapahapa Dodoma, ukipenda), halafu tone la mwisho linayageuza bluu. Yakizidi miligramu 180 kwa lita, kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti, tunayaita magumu sana. Nyumbani hauhitaji yote hayo. Chukua chupa mbili, moja maji ya mvua, nyingine ya bomba, kwangulia humo sabuni ya mche kiasi sawa, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya bomba itafanya utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, kwa sababu kalsiamu imeishika sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Utando huohuo ndio unaofanya shati jeupe lififie na taulo likauke gumu. Sabuni za unga haziathiriki sana, ndiyo maana wengi wamehamia huko bila hata kujua sababu.

Hasara ya kweli iko kwenye moto. Maji yakichemka, sehemu ya kalsiamu hujitenga na kuganda kama magamba meupe. Tuseme maji yako yana miligramu 300 kwa lita na unachemsha lita mbili kila siku kwenye birika la umeme: kwa mwaka zimepita gramu zaidi ya 200 za madini hayo kwenye birika hilo. Hata ikiganda nusu tu, ni gramu mia moja za chokaa zimekaa kati ya koili na maji. Koili inazidi kupata moto, umeme unaliwa, siku moja inakatika na fundi analaumiwa bure. Mimina siki au maji ya ndimu yafunike magamba, acha usiku kucha. Utaona vipovu; hiyo ni hewa ya kaboni ikitoka. Suuza, endelea. Kukwangua kwa kisu ni kuharibu birika.

Jikoni bibi zetu walishatatua jambo hili. Maharage hukawia kuiva kwenye maji magumu kwa sababu kalsiamu hukaza maganda yake, na magadi huitoa kalsiamu hiyo njiani. Yawe kidogo tu, maana yakizidi huua ladha na vitamini, na mwenye presha ajihadhari na sodiamu yake. Shabu haisaidii: inatuliza tope, hailainishi maji. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu, basi.

Sasa mashine. Muuzaji atakuja na kikalamu cha kupimia, namba ipande, nawe ushtuke. Kikalamu kile kinapima chumvi zote kwa jumla. Hakijui ugumu wala usalama. Mashine za kuchuja kwa presha zinatoa kalsiamu kweli, ila nyingi za majumbani humwaga lita mbili, tatu au zaidi kwa kila lita safi unayokunywa, kwenye jiji lenye mgawo wa maji. Sinunui. Kama una hita kubwa ya bafuni, usiipandishe zaidi ya nyuzi 60, maana magamba huongezeka kadiri joto linavyopanda, na mwite fundi alifungue tangi lake mara moja kwa mwaka.

Mvua zikianza, Novemba au Desemba, kinga maji ya bati kwenye simtanki baada ya kuacha maji ya mwanzo yasombe vumbi. Hayo tumia kwa nguo nyeupe, nywele na pasi ya mvuke. Ya bomba yabaki ya kudekia, kumwagilia na, yakishachemshwa, kunywa.