Bakteria Wanaosafiri kwa Msafara Juu ya Sehemu Ngumu

Mwache bakteria aitwaye Proteus mirabilis kwenye sahani ya agari, yaani jeli ya kukuzia vijidudu, usiku mmoja tu. Asubuhi utakuta utando mwembamba umeenea kotekote, duara ndani ya duara, kama viwimbi vya maji vilivyoganda. Sisi wa maabara humtambua mara tu tunapofunua sahani, kabla hata ya kugusa darubini. Gustav Hauser alimweleza tangu mwaka 1885, na bado anatushangaza.

Akiwa majini, Proteus ni kijiti kifupi cha takriban mikromita 2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), chenye flajela chache. Flajela ni uzi wa protini unaozungushwa na mota iliyopachikwa kwenye ukuta wa seli, nayo mota huendeshwa na protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, zinazoingia ndani. Ajabu ni kwamba uzi huo haukui kutokea shinani kama unywele. Una tundu katikati. Vipande vya flajelini, protini inayojenga uzi huo, hupenya humo hadi nchani, na huko ndiko hujipanga.

Akigusa sehemu ngumu, flajela hukwama. Kule kukwama ndiko kunakomjulisha kwamba hayumo tena majini. Jeni kuu za flajela, flhDC, huamka. Seli huacha kugawanyika lakini huzidi kurefuka, mikromita 20 hata 80, huku ikiota flajela kwa maelfu mwili mzima.

Hata hivyo, seli moja peke yake haifiki mbali. Hulala ubavu kwa ubavu na wenzake, flajela zikisukana, kundi zima likateleza juu ya tabaka jembamba la maji. Sahani ikikauka mno, msafara hufa. Vinginevyo, baada ya saa kadhaa msafara husimama, seli hugawanyika na kuwa fupi tena, kisha safari huanza upya. Kila duara uliloliona ni kituo cha mapumziko.

Kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo, uso wa mpira huo ni barabara ya kupandia hadi kwenye kibofu. Humo Proteus huvunja urea, taka iliyomo kwenye mkojo, mkojo hupoteza asidi yake, na chembe za fosfati ya kalsiamu na magnesiamu huganda ndani ya mpira mpaka unaziba. Kwa hiyo mfuko wa kukusanyia mkojo ukikaa mtupu ilhali mgonjwa anakunywa maji vizuri, au mkojo ukivuja pembeni mwa mpira, mwite muuguzi saa hiyohiyo.